Usiku mmoja Kariakoo: kwa nini chumba cha juu hakilaliki

Mimi ni mhandisi wa mifumo ya majengo: maji, umeme, viyoyozi na kinga ya moto. Hivi karibuni nilikuwa na shughuli ya alfajiri Kariakoo, Dar es Salaam, nikaona nisihangaike na foleni, nikachukua chumba katika hoteli ya ghorofa mitaa miwili kutoka sokoni. Sikulala. Najua wageni wengi yakiwakuta hayo huwashukia wahudumu, lakini wahudumu wa pale walikuwa watu wema na wachapakazi. Usiku wangu uliharibika siku ile jengo lilipochorwa, na sehemu kubwa ya uharibifu huo inarekebishika bila kubomoa ukuta hata mmoja. Ndiyo maana naandika.

Kijana wa mapokezi aliniambia, "Samahani mama, leo tumejaa. Kimebaki cha juu kabisa, lakini kina hewa nzuri." Hoteli nyingi za katikati ya mji chumba kinachobaki mwisho ndicho hicho cha juu, na wenyeji wa hoteli wanajua sababu hata wasipoitaja.

Sababu ya kwanza ni zege. Paa lililopigwa na jua la Dar kutwa nzima halipoi jua linapozama. Linaendelea kushusha joto chumbani hadi usiku wa manane. Kiyoyozi changu kilikuwa kidogo, cha BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), ambacho kingetosha kabisa chumba cha ukubwa ule ghorofa ya tatu. Chini ya paa tupu hakifui dafu. Halafu nikachungulia dirisha la bafuni, nikaona mashine za nje za viyoyozi zimefungwa zote ndani ya uwazi mwembamba katikati ya jengo, zinatazamana, kila moja inampulizia mwenzake hewa ya moto. Kiyoyozi hakizalishi baridi. Kinachota joto chumbani na kulitupa nje, na kama hiyo nje imeshakuwa ya moto kuliko barabarani, kinanguruma usiku kucha huku shuka zinalowa jasho. Paa likipakwa rangi nyeupe, dari ikawekwa sufi ya kuzuia joto, na mashine zile zikapandishwa juu penye upepo, kiyoyozi kilekile kidogo kingepumua.

Maji nayo yalitoka baridi. Mhudumu alipanda, akabonyeza swichi ya ukutani, akasubiri, akaniomba radhi kwamba hita imekufa. Haikuwa imekufa. Hita hizi zinazopasha maji yakipita huwaka pale tu maji yanapokuja na msukumo wa kutosha, ili zisiungue zikiwa kavu. Kila mita 10 za kimo hukupa takriban bari 1 ya presha. Tangi lilikuwa juu ya paa, labda mita 2 kutoka kwenye bomba la mvua, kwa hiyo nilikuwa napata bari 0.2 kabla mabomba hayajala sehemu yake. Mgeni wa ghorofa ya pili, kwa hita ileile, anaoga maji ya moto. Pampu ndogo ya kuongeza presha kwa ghorofa ya juu peke yake ingemaliza tatizo hili.

Lakini kilichonikesha hasa ni kelele, na hapa nataka kukaa kidogo.

Kariakoo haina kosa. Wafanyabiashara wanatoka Zambia, Malawi na Kongo kuja kununua bidhaa pale, na mzigo hupakiwa usiku kwa sababu mchana gari kubwa halipati hata pa kugeuzia. Fuso zinarudi nyuma, maguta yanagonga kingo za barabara, wapagazi wanaitana. Huo ni mji unaokula kwa jasho lake na sitaki unyamazishwe. Anayejenga hoteli mahali kama hapo ndiye mwenye jukumu la kuibakiza sauti hiyo nje.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, linasema kelele ya mfululizo ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30, na mshindo mmojammoja usivuke 45. Kipimo changu kilikuwa kinacheza juu ya 50, dirisha likiwa limefungwa. Mtu anaweza kuona tofauti hiyo ni ndogo, ila sikio huhisi ongezeko la desibeli 10 kama sauti imekuwa kubwa takriban maradufu.

Dirisha lilikuwa la aluminiamu la kusukuma, kama yaliyojaa mji mzima. Kioo chake hakikuwa kibaya. Tatizo ni kwamba vipande viwili vinavyopishana haviwezi kubanana, na brashi za pembeni zilikuwa zimeisha. Sauti hupita popote hewa inapopita. Uwazi ukifika asilimia 1 tu ya eneo la dirisha, dirisha zima halizuii zaidi ya desibeli 20 hivi, hata ukiweka kioo kizito namna gani. Huwa nasikitika kuona mwenye hoteli anaingia gharama ya kioo kinene na kuacha mianya ileile. Fedha hiyo iende kwanza kwenye dirisha la bawaba linalobana raba pande zote nne. Kama fremu za zamani lazima zibaki, weka dirisha la pili kwa ndani, uache nafasi ya sentimita 10 au zaidi kati ya vioo viwili.

Mlango wa chumba ulikuwa na upenyo chini, na korido yote ni vigae, kwa hiyo kila sanduku lenye magurudumu nililisikia tangu linatoka kwenye lifti. Zulia na kizingiti cha raba vinatosha.

Haya yote ningeyavumilia. Ambalo sikulivumilia ni mlango wa ngazi za dharura, mwisho wa korido, uliofungwa kwa kufuli. Niliuliza, nikajibiwa kwa upole, "Ni kwa ajili ya wezi, mama." Madirisha yana nondo, lifti haitumiki wakati wa moto, na ngazi kuu ndiyo moshi utakayoipanda kwanza. Wageni wa ghorofa nzima walikuwa wamelala hawajui. Nilisimama pale mapokezi mpaka funguo ikapatikana na kufuli likatolewa, na asubuhi nilimweleza meneja kwamba kuna komeo la kusukuma kwa mkono ambalo mtu wa nje hawezi kulifungua na wa ndani halimzuii. Mwizi anabaki nje na mgeni anatoka.

Ukipangiwa chumba katika hoteli za namna hii, omba cha ghorofa za kati, upande wa nyuma, mbali na lifti. Kabla hujaweka begi chini, tembea hadi mlango wa dharura ukaujaribu kwa mkono wako. Ukikuta umefungwa, dai ufunguliwe mbele yako. Wakikataa, dai fedha yako, nenda hoteli nyingine, na uwajulishe Zimamoto kwa namba 114.