Kwa nini kibendera cha kuotea siku hizi huinuliwa mpira ukiwa umekwisha kuingia wavuni?

Mtu yeyote aliyewahi kubanana kwenye benchi katika nyumba ya kuonyeshea mpira hapa Lubumbashi, tuseme kule komini ya Kenya au Katuba, ambako jenereta hunguruma nyuma ya ukuta na picha hukatika pale pale penye utamu, anaijua kero hii. Mshambuliaji anapokea pasi akiwa amewaacha mabeki kwa hatua mbili nzima, na hata mtoto aliyeketi sakafuni ameona. Anakimbia, anampiga chenga kipa, anafunga. Nusu ya ukumbi inaruka, chupa ya soda inaanguka. Na ndipo, baada ya yote hayo, mshika kibendera anainua mkono kwa utulivu wa mtu anayesimamisha teksi. Ilikuwa kuotea tangu mwanzo, au «hors-jeu» kama wengi wetu tunavyosema. Sasa kama alikuwa ameona, alikuwa akingoja nini?

Kwa miaka kadhaa nililijibu swali hilo vibaya, tena kwa sauti. Kwanza nilisema ni woga: mtu huyo hana hakika, basi anavuta muda. Baadaye nikasema anangoja sauti ya watu wa VAR, yaani waamuzi wanaokagua matukio kwa video, katika kifaa cha sikioni, nao wakishamwambia ndiyo, anainua. Mwishowe nikafikia hukumu niliyoipenda kuliko zote, kwamba tangu kuja kwa video mshika kibendera hana kazi tena, amebaki pambo la pembeni mwa uwanja. Majibu yote matatu si sahihi, lakini lile la pili ndilo lililoenea zaidi, na kwa kuwa bado nalisikia kila wiki kutoka kwa watu ninaowaheshimu, nitalichambua bila haraka.

Utaratibu wa VAR uliingizwa katika Sheria za Mchezo mwaka 2018, ndio mwaka ambao teknolojia hiyo ilitumika kwa mara ya kwanza katika Kombe la Dunia, kule Urusi. Utaratibu huo haumwambii mwamuzi msaidizi, yaani mshika kibendera, asubiri kuambiwa. Unamwambia afanye uamuzi wake mwenyewe papo hapo, kisha auzuie mkononi. Ruhusa ya kuuzuia nayo ni nyembamba kuliko tunavyodhani: ni pale tu shambulizi lilipo wazi kabisa, mchezaji akiwa karibu kufunga au akiwa na njia nyeupe kuelekea eneo la penalti. Kama mpira umepigwa kwa winga aliyeotea karibu na mstari wa katikati, mbele yake kukiwa na mabeki wanne, kibendera kinatakiwa kiinuke bila kusita. Tena shambulizi likiisha kwa goli, penalti, mpira wa adhabu, kona au mpira wa kurushwa, au timu inayoshambulia ikiendelea kuumiliki mpira baada ya shambulizi la kwanza kumalizika, mshika kibendera analazimika kukiinua. Hana hiari ya kunyamaza na kuwaachia wenye televisheni.

Jambo hilo la mwisho ndilo lililoniangusha. Goli linalofuatiwa na kibendera limeandikwa uwanjani kuwa ni kuotea. Watu wa video wanakagua kama uamuzi huo ni sahihi. Goli lisilofuatiwa na kibendera limeandikwa uwanjani kuwa ni halali. Nao wanakagua hilo. Kwa vyovyote vile mshika kibendera amekwisha kuhukumu kabla ya mtu yeyote aliye mbele ya kioo kufungua mdomo. Kwa hiyo yule niliyemwita pambo ameona, ameamua, na sasa anakimbia na siri yake mita thelathini pembeni mwa uwanja, huku watu elfu arobaini wakimtukana kwa kutojua kitu anachokijua vizuri kuliko wao.

Kwa nini basi abebeshwe siri? Fikiria fundi cherehani wa sokoni aliyeletewa kitenge cha gauni, naye hana hakika kama urefu ni wa magotini au wa miguuni. Akikiacha kirefu na kumbe mteja alitaka kifupi, atarudi kwenye meza, atakunja, atakata, na kosa lake halitaonekana tena. Akikikata kifupi na kumbe mteja alitaka kirefu, hakuna uzi utakaokirudisha kitenge. Makosa hayo mawili yana ukubwa sawa kwa futi ya fundi, lakini moja linarekebishika na jingine halirekebishiki, na fundi mwenye akili, akiwa na shaka hata kidogo, hukata kirefu.

Kibendera kikiinuliwa mapema na mwamuzi akapuliza filimbi, kitenge kimekatwa. Mabeki wamesimama, kipa ameacha lango, mpira umekufa, na hata kama picha baadaye zitaonyesha kwamba mshambuliaji hakuwa ameotea, hakuna awezaye kulirudisha lile goli ambalo halijafungwa. Hakuna mwamuzi anayeweza kuwaambia wachezaji ishirini na wawili warudi pale walipokuwa, kwa kasi ile ile, na mpira ukiwa hewani. Kibendera kikichelewa, kosa linaweza kufutwa: goli linaondolewa, mpira wa adhabu unapigwa, mechi inaendelea. Video inaweza kufuta kilichotokea, lakini haiwezi kuumba kilichozuiwa kutokea.

Lakini hapo msomaji makini atasema: mtu aliyeotea kwa hatua mbili nzima hana shaka yoyote, mbona naye anasubiriwa? Ni kweli, na hapo ndipo kero inapozaliwa. Sheria inazungumzia uwazi wa shambulizi, haizungumzii kiasi cha mtu kuotea, na mshika kibendera anayejua kwamba kukosea upande mmoja kunasameheka na upande mwingine hakusameheki ataegemea upande unaosameheka, hata pale ambapo hakuhitaji.

Historia ya sheria yenyewe nitaipita mbio. Mwaka 1863 Waingereza walitaka karibu kila aliye mbele ya mpira ahesabiwe ameotea. Mwaka 1866 wakadai wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli. Mwaka 1925 watatu wakawa wawili. Mwaka 1990 aliye sawa na mpinzani wa pili kutoka nyuma, kipa akihesabiwa, akawa halali. Hayo yanatosha.

Linalostahili kukaliwa ni swali la kwa nini jicho la mtu aliyefunzwa lisiaminiwe. Jibu lake nililipata kwa vizibo vya chupa. Papa mmoja wa mtaani kwetu, aliyeshika kibendera katika mashindano ya mitaa kwa miaka mingi, alichora mstari wa chaki juu ya meza, akaweka juu yake kizibo kimoja umbali wa viganja viwili kutoka ukingoni, na kingine, pia juu ya mstari, kiganja kimoja mbele zaidi. Cha karibu ni beki, akasema, cha mbali ni mshambuliaji, na lango liko kule kwenye kopo la sukari.

«Weka jicho hapa ukingoni, mwanangu, sawa na mstari. Wako sawa?»

«Wako sawa, Papa.»

«Sogeza kichwa vidole viwili upande wa lango. Na sasa?»

Nilisogeza. Kizibo cha mbali, ambacho hakikuguswa na mtu, kilikuwa kimempita beki kuelekea kwenye sukari. Papa akabadilisha vizibo, mshambuliaji akawa wa karibu na beki wa mbali, na safari hii mshambuliaji alionekana amebaki nyuma hata Papa alipomsogeza mbele kidogo kwa ukucha wake. Mimi nilikuwa nimesogea vidole viwili tu, na tayari nilikuwa nimemnyima mmoja goli na kumzawadia mwingine.

Watafiti wa Uholanzi waliandika jambo hilo hilo katika jarida la Nature mwaka 2000, ingawa si kwa vizibo. Mshika kibendera anatakiwa awe sambamba na mpinzani wa pili kutoka nyuma, lakini mabeki wakipanda ghafla kwa hatua mbili, yeye hubaki karibu zaidi na goli kwa muda mfupi, na muda huo mfupi ndio pasi inapopigwa. Pembe ya jicho lake inapinda, na kosa linatokea bila yeye kufanya uzembe wowote.

Kuna maelezo ya pili, yaliyotetewa zaidi na watafiti wa Ubelgiji. Usiku wa masika, pikipiki inapita barabarani na taa yake, na ghafla radi inamulika. Ukiulizwa pikipiki ilikuwa wapi radi ilipomulika, kwa kawaida utaonyesha mahali palipo mbele kidogo ya pale ilipokuwa kweli, kwa sababu ubongo hukisukuma mbele kitu kinachotembea. Mguu unaopiga pasi ndio radi. Mshambuliaji anayekimbia ndiye pikipiki. Kwa maelezo haya, jicho humwona mshambuliaji mbele ya mahali alipo, na kosa huelekea upande mmoja zaidi: kuinua kibendera pasipostahili, lile lile kosa la kitenge kilichokatwa kifupi. Wataalamu hawagawi lawama kwa namna moja kati ya pembe na radi, na huenda yote mawili yanashirikiana. Mimi ningesita kumwamini mtu anayekuambia kwamba ni moja tu.

Ongeza na kasi. Mshambuliaji akikimbia mita 8 kwa sekunde kuelekea golini, na beki akipanda mita 3 kwa sekunde kuelekea upande mwingine, wanapishana kwa mita 11 kila sekunde. Katika sehemu moja ya kumi ya sekunde, muda ambao jicho halijamaliza kuhama kutoka kwa mtoa pasi hadi kwenye mstari wa mabeki, pengo kati yao limebadilika kwa mita 1.1. Katika Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022, kazi hiyo ilipewa kamera 12 zinazofuatilia alama 29 za mwili wa kila mchezaji, pamoja na kifaa ndani ya mpira kinachotuma taarifa mara 500 kwa sekunde. Mshika kibendera ana macho mawili, na anakimbia kwa ubavu.

Kungoja huko kuna gharama, na gharama hiyo wanailipa wachezaji. Machi 2021, mechi ya Wolves na Liverpool, kipa Rui Patrício aligongana kichwa na goti la beki wake Conor Coady wakimzuia Mohamed Salah, akatibiwa uwanjani kwa muda mrefu na kutolewa kwa machela. Goli la Salah lilikataliwa kwa kuotea. Mei 2025 Taiwo Awoniyi wa Nottingham Forest alijigonga kwenye mlingoti wa goli akiikimbilia krosi iliyotoka kwa mwenzake aliyekuwa ameotea wazi, akaumia tumbo kiasi cha kufanyiwa upasuaji na kulazwa katika usingizi wa dawa. Dhidi ya hali hiyo, katika Kombe la Dunia la Klabu la mwaka 2025 nchini Marekani, mfumo wa kamera uliwekwa sauti inayomfikia mwamuzi msaidizi pindi mchezaji aliyeotea wazi anapougusa mpira, ili asiendelee kubeba siri isiyo na faida.

Hata hivyo, si kila kuchelewa ni kwa namna hii, na hapa nilikosea mara ya nne. Kusimama mahali pa kuotea si kosa. Kosa ni kushiriki katika mchezo ukiwa pale. Wakiwa wawili mbele, mmoja ameotea na mwingine anatokea nyuma, mshika kibendera lazima angoje aone nani atakayeugusa mpira au kumsumbua mpinzani, nako huko kungoja hudumu sekunde moja au mbili na hakuhusiani na video hata kidogo. Kulikuwapo kabla ya VAR na kutakuwapo katika viwanja visivyo na kamera yoyote.

Sikulijua hilo siku moja nilipokuwa kwenye mechi ya mtaa, nimesimama nyuma ya mstari wa chokaa uliokuwa umefutika nusu, mshika kibendera akiwa karibu nami kiasi cha kumgusa. Mshambuliaji wa timu yetu alitoroka peke yake, mpira ukamfikia, na kibendera, kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye kijiti, kikainuka mara moja. Nikampigia kelele, nikijiona mjuzi: angoje, amwache afunge kwanza, kama wanavyofanya Ulaya. Hakunigeukia, kijiti kikiwa bado juu.

«Yaya,» akasema, kama tunavyomwita hapa kaka au dada mkubwa, «mimi nikingoja, nani ataniangalizia?»