Kiti cha mtoto ndani ya gari: maswali ninayoulizwa siku ya kliniki

Hapa hospitali ya Bombo, Tanga, siku ya chanjo, kina mama hufika kwa boda, kwa teksi, na siku hizi wengi kwa gari la nyumbani, Premio au Noah iliyotoka Japani. Nikishampima mtoto na kuandika kilo zake kwenye kadi, mazungumzo mara nyingi huhamia kwenye safari ya kurudi.

Mimi humpakata kwa nguvu kiti cha nyuma. Haitoshi?

Haitoshi, mama. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ghafla, mtoto wa kilo 8 hurushwa mbele kwa nguvu ya mzigo unaozidi kilo 150. Hilo ni gunia moja na nusu la mahindi, na hakuna mikono inayoweza kulizuia. Kujifunga naye ndani ya mkanda mmoja ni hatari zaidi, kwa sababu mwili wako ndio utakaomkandamiza. Shirika la Afya Duniani linasema kiti cha mtoto kilichofungwa vizuri hupunguza vifo vya watoto wachanga kwa takriban asilimia 70.

Muuzaji anasema kiti hiki ni cha mtoto wa mwaka mmoja. Ninunue?

Usinunue kwa umri. Napima watoto wawili wa miezi 12 asubuhi moja, huyu ana kilo 8, yule ana 11. Nenda dukani na kadi ya kliniki mkononi, uilinganishe na lebo ya kiti. Viti vilivyopimwa kwa kanuni za Ulaya vina lebo ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara. Lebo ya zamani, R44, huhesabu kilo: hadi 13 kwa mtoto mchanga, 9 hadi 18 kwa anayefuata, 15 hadi 36 kwa mkubwa. Lebo mpya, R129, huhesabu urefu kwa sentimita. Kiti kisicho na lebo yoyote kiache, hata kama kitambaa chake kinapendeza.

Kiti chake kinatazama nyuma, amefika kilo 9 na miguu inagusa kiti cha gari. Nimgeuze atazame mbele?

Subiri. Hapa ndipo wazazi wengi wanapofanya haraka, tena wazazi wanaojali, waliokwisha kutoa pesa yao. Wanaona “9–18” kwenye lebo, mtoto ametoka kuchanjwa surua ya miezi 9, wanamgeuza siku hiyohiyo.

Mtazame mtoto wako akiwa amekaa. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake wote, na mifupa ya shingo bado haijashikana sawasawa. Akitazama mbele, gari likigonga, mikanda huzuia kifua lakini kichwa kile kizito huendelea kwenda, na shingo ndiyo inayovutwa. Akitazama nyuma, mgongo wa kiti hupokea kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja. Kanuni ya R129 hairuhusu kumgeuza kabla hajapita miezi 15, na madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri abaki hivyo hadi afikie kikomo cha kilo au urefu cha kiti chenyewe. Miguu ikigusa atajikunja, hajali kabisa. Kinachoonyesha kwamba kiti cha kutazama nyuma kimemwishia ni kilo zilizoandikwa kwenye lebo, au utosi wake kukaribia ukingo wa juu.

Nitajuaje nimemfunga sawasawa?

Wiki iliyopita nilimsindikiza mama mmoja hadi garini. Mtoto alikuwa na sweta nene, juu yake shali, juu ya shali mikanda, na kwa macho kila kitu kilikuwa kimekaza. Tukavua shali na sweta, tukafunga tena bila kurekebisha chochote: kiganja changu kizima kikapita kati ya mkanda na kifua. Hewa iliyomo ndani ya nguo hukandamizwa papo hapo gari linapogonga, na mtoto huchomoka. Kwa hiyo mfunge kwanza, ndipo umfunike shali juu ya mikanda. Jaribu kuufinya mkanda begani kwa vidole viwili. Ukiweza kuukunja, bado umelegea. Anayetazama nyuma, mikanda itokee usawa wa mabega au chini kidogo. Anayetazama mbele, usawa wa mabega au juu kidogo. Kisha shika kiti pale mkanda wa gari unapopita, ukitikise. Kisisogee zaidi ya sentimita 2 na nusu.

Naweza kumweka mbele, karibu nami?

Anayetazama nyuma, kamwe asikae mbele ya mfuko wa hewa (airbag). Unafumuka kwa kishindo na kukipiga kiti chake. Nyuma ndiko kwake.

Kiti cha mtumba?

Kutoka kwa dada yako unayejua gari lake halijawahi kugonga, sawa. Cha sokoni hujui kimepitia nini, na plastiki iliyopasuka ndani haionekani. Geuza chini usome tarehe, kwa kuwa viti vingi vina mwisho wa matumizi.

Wangu ana miaka 6, anataka mkanda wa watu wazima.

Bado anahitaji kiti cha kumnyanyua, hadi afike kama sentimita 145 au 150. Bila hicho, mkanda humpita shingoni na tumboni, na ajali ikitokea huumiza utumbo. Mkanda unatakiwa upite katikati ya bega na chini kwenye nyonga.

Na sisi tusio na gari?

Nawafikiria ninyi kila siku ya kliniki. Boda haina namna ya kumkinga mtoto mchanga. Ukiweza, panda teksi. Usikae naye mbele na dereva, ingia viti vya nyuma. Dereva akikimbiza, mwambie apunguze kwa sauti ya kusikika. Abiria wengine watakuunga mkono.