Joto na moyo wa mtu aliyeumia uti wa mgongo: maswali na majibu

Kilichoumia ni mgongo. Moyo unaingiaje?

Maradhi ya moyo na mishipa ya damu ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya watu wanaoishi na jeraha la uti wa mgongo. Miguu isipotumika, misuli ya mapaja hunywea, na mishipa inayoilisha damu nayo husinyaa. Jeraha likiwa shingoni, huharibu pia mawasiliano kati ya ubongo na neva zinazouhimiza moyo kwenda mbio. Mtu anaweza kusukuma kiti chake cha magurudumu mpaka mikono iishe nguvu, na mapigo yake yasivuke 130 hivi kwa dakika. Mikono imechoka, lakini moyo haujapata zoezi la kutosha.

Joto, kama la maji ya moto, linasaidiaje?

Mwili ukipashwa moto, mishipa hutanuka na damu hupita kwa kasi. Msuguano wa damu kwenye kuta za mishipa huzichochea zitoe naitriki oksidi, kemikali inayoilegeza. Ndivyo inavyokuwa mtu akikimbia, ila hapa miguu imetulia tuli.

Nchini Finland, watafiti waliwafuatilia wanaume 2,315 kwa miaka 20 hivi. Katika matokeo ya mwaka 2015, waliooga sauna (chumba chenye joto kali) mara 4 hadi 7 kwa wiki walikufa kwa maradhi ya moyo kwa kiwango cha chini kuliko walioingia mara moja kwa wiki. Huko Oregon, Marekani, vijana wenye afya walizama kwenye maji ya moto kwa wiki 8, na mishipa yao ikawa laini zaidi. Hao wote hawakuwa na jeraha la mgongo. Kwa wenye jeraha, tafiti ni ndogo, lakini zimeonyesha damu ya miguuni ikiongezeka joto linapowekwa. Mimi naliona ni tumaini la kweli, ila mazoezi ya mikono yabaki palepale.

Basi nijaze maji ya moto leo?

Hapana, tafadhali. Zungumza kwanza na daktari anayekujua. Chini ya jeraha ngozi haitoi jasho ipasavyo, kwa hiyo joto la mwili hupanda haraka na hushuka polepole. Presha nayo inaweza kuporomoka ukitolewa majini, ukazimia.

Ninachokihofia zaidi ni kuungua. Tafiti nyingi hutumia maji ya nyuzi 40 hivi za Selsiasi, yaliyopimwa kwa kipimajoto. Maji ya nyuzi 60 huunguza vibaya ndani ya sekunde chache, na mguu usiohisi hautakuambia. Mazoea ni kuchovya kiwiko, lakini aliyeumia shingo huenda kiwiko chake nacho hakihisi. Mwenzako ayapime, na asiondoke chumbani.

Dalili gani ni za hatari?

Kwa walioumia kwenye pingili ya 6 ya kifua au juu yake, hadi shingoni, kitu kinachouumiza mwili chini ya jeraha, hata kuungua wasikokuhisi, chaweza kurusha presha ghafla. Kichwa hugonga, uso huwa mwekundu, jasho hutoka juu ya jeraha. Mtoeni majini, akae wima, mlegeze nguo, muangalie kama mpira wa mkojo umejikunja au kibofu kimejaa. Presha isiposhuka upesi, ni dharura ya hospitali.

Nani asijaribu kabisa?

Mwenye kidonda cha mgandamizo (cha kukaa au kulala mkao mmoja muda mrefu) kilicho wazi, mwenye homa, mjamzito, au mwenye ugonjwa wa moyo usiotulia. Anayetumia dawa ya oksibutinini kwa ajili ya kibofu amwambie daktari, maana hupunguza jasho.

Na nikimaliza?

Kunywa maji, pumzika ukiwa umelala. Kisha chukua kioo utazame visigino, makalio na nyuma ya mapaja. Wekundu usiofifia baada ya nusu saa, au lengelenge hata dogo, usiupuuze: ngozi hiyo isikaliwe wala kupashwa moto tena mpaka mhudumu wa afya aione.