London hadi Paris: kilomita ngapi, na saa ngapi hasa?

Kutoka katikati ya London hadi katikati ya Paris ni takriban kilomita 344. Huo ni umbali wa angani, yaani mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia kati ya miji hiyo, usiojali barabara wala bahari. Kwa gari unapita kilomita 450, maana lazima kwanza uteremke hadi pwani ya Kent na kuvuka upande wa pili.

Ndege ya abiria ikishatulia juu hukata kilomita 800 hadi 900 kwa saa. Ukigawanya, unapata chini ya nusu saa. Mbona basi tiketi inasema saa 1 na dakika 20? Kwa sababu muda wa tiketi hauanzi magurudumu yanapoacha ardhi. Unaanza ndege inapoondoka kwenye maegesho yake, na kuisha inapoegeshwa huko iendako. Katikati kuna foleni ya kuruka. Heathrow, uwanja mkubwa wa ndege wa London, pamoja na wingi wa ndege zake, ina njia mbili tu za kurukia. Tena safari fupi hivi haina nafasi ya mwendo kasi: ndege haijakaa sana juu, imeshaanza kushuka.

Linalowachanganya watu zaidi ni saa zilizoandikwa. Tuseme unaondoka London 08:00, saa mbili asubuhi, unafika Paris 10:20, saa nne na dakika ishirini. Ukitoa, unaona saa mbili na ushei. Kurudi, unaondoka Paris 11:00 na kufika London 11:20. Dakika ishirini! Hakuna ndege ya abiria inayoweza hilo. Kila saa kwenye tiketi ni ya mji husika, na Paris iko mbele kwa saa moja mwaka mzima. Kwenda, punguza saa moja, kurudi, ongeza. Pande zote mbili utapata saa 1 na dakika 20.

Na tofauti hiyo haikuletwa na jua, ambalo huchomoza Paris kana kwamba ni mtaa wa jirani: kwa jua miji hii inapishana takriban dakika 10 tu. Kabla ya Vita Vikuu vya Pili Ufaransa ilifuata saa ya Greenwich, yaani ile ile ya London. Wajerumani walipoiteka Paris Juni 1940, walisogeza saa zake zilingane na za Berlin. Wakaondoka, vita vikaisha, na Ufaransa ikabaki na majira ya Ulaya ya Kati hadi leo.

Mimi safari hii ningepanda treni: kutoka stesheni ya St Pancras, London, hadi ya Gare du Nord, Paris, ni mwendo wa kama saa mbili na robo, na unashukia mjini. Lakini ukienda kwa ndege, anayekupokea Paris mpe saa ya kufika kama ilivyoandikwa. Usimwongezee wala usimpunguzie. Tayari ni saa ya kwao.