Talaka na mgawanyo wa mali za wanandoa: kinachosimama mahakamani ni ushahidi wa mchango

Mwananchi anayefika kwenye meza ya msaada wa kisheria akiwa na shauri la ndoa, awe mwanamke au mwanamume, mara nyingi huanza na swali moja: "Je, nitapata nusu?" Ni swali la haki kuuliza, lakini huja mapema mno, kwa sababu kabla mahakama haijaanza kuhesabu vyumba, mashamba na ng'ombe, kuna hatua zinazopaswa kuwa zimekamilika, na mashauri mengi huangukia katika hatua hizo, hata yale ambayo mdai ana haki ya wazi kabisa.

Makala haya yanahusu Tanzania Bara, ambako ndoa zote, ziwe za Kiislamu, za Kikristo, za kimila au za kiserikali, huongozwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Sura ya 29. Sheria hiyo haitumiki Zanzibar, ambako mashauri ya ndoa na talaka ya Waislamu husikilizwa na Mahakama za Kadhi.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba, kwa ndoa inayovunjwa hapa Bara, talaka mbele ya sheria ni amri ya mahakama. Mume anayemwandikia mkewe karatasi ya talaka, au anayemtamkia mbele ya mashahidi, anaweza kuwa amekamilisha jambo lake kidini, lakini ndoa hiyo bado ipo kisheria hadi mahakama itoe amri ya kuivunja. Kwa ndoa ya Kiislamu, kifungu cha 107(3) kinaitambua talaka hiyo, na mahakama itavunja ndoa kwa msingi wake, ila kwa mpangilio maalumu: kwanza wanandoa wafike kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, Baraza lithibitishe kuwa limeshindwa kuwapatanisha, kisha ndipo lifuate tendo ambalo kwa sheria za Kiislamu linavunja ndoa. Mpangilio huo ukigeuzwa, shauri linakuwa halina miguu. Katika rufaa ya Hassani Ally Sandali dhidi ya Asha Ally, Na. 246 ya mwaka 2019, Mahakama ya Rufani ilibatilisha mwenendo wa shauri kwa sababu lilikuwa limefunguliwa bila hati halali ya Baraza. Wadaawa walikuwa wamepanda ngazi zote za mahakama, na safari yote ikarudi kwenye karatasi moja.

Karatasi hiyo inastahili kuangaliwa kwa karibu. Kifungu cha 101 kinazuia mtu kufungua shauri la talaka kabla mgogoro haujapelekwa Barazani. Baraza lina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Yapo yaliyo katika kata, na yapo ya jumuiya za dini yaliyotambuliwa na serikali, kama yale ya BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania). Likishindwa kuwapatanisha wanandoa, Baraza hutoa hati inayosema hivyo, ambayo wengi tunaiita Fomu Namba 3. Barua ya mjumbe wa nyumba kumi, barua ya mchungaji aliyewashauri wanandoa kwa upendo wote, au muhtasari wa kikao cha ukoo haviwezi kushika nafasi ya hati hiyo. Mwananchi anapokabidhiwa fomu, asome mistari yake hapohapo kabla hajaondoka: je, imetaja majina ya wanandoa wote wawili kama yalivyo kwenye cheti cha ndoa? Je, inasema waziwazi kwamba Baraza limeshindwa kuwapatanisha, au inasema tu kwamba "wamefika ofisini"? Imesainiwa na kuwekwa tarehe? Tarehe ni muhimu sana, kwa sababu hati hiyo inapaswa kuwa imetolewa ndani ya miezi 6 kabla ya kufungua shauri. Mwenye fomu ya mwaka jana iliyolala kabatini wakati anatafuta nauli na ujasiri, itambidi arudi Barazani.

Sheria imeweka nafuu kadhaa. Huhitaji kupita Barazani ikiwa mwenzi wako amekutelekeza na hujui alipo, ikiwa anaishi nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi 6, ikiwa aliitwa Barazani akakataa kwa makusudi kuhudhuria, au ikiwa mahakama itaridhika kwamba zipo sababu za kipekee zinazofanya usuluhishi usiwezekane. Nafuu hizo nazo zinahitaji kuthibitishwa, haitoshi kuzitaja tu.

Shauri linaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu, na kwa wananchi walio wengi Mahakama ya Mwanzo ndiyo iliyo karibu na yenye gharama ndogo. Ndoa ambayo haijatimiza miaka 2 haifunguliwi shauri la talaka bila kibali cha mahakama. Hoja inayotafutwa ni moja tu, yaani kama ndoa imevunjika kiasi kwamba haiwezi kurekebishika. Uzinzi, ukatili wa mwili au wa akili, kutelekezwa kwa miaka 3 au zaidi na mengine yaliyotajwa katika kifungu cha 107 ni ushahidi wa kuvunjika huko.

Sasa tuje kwenye mali. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali zilizochumwa wakati wa ndoa kwa jitihada za pamoja, pale inapotoa amri ya talaka au ya kutengana, ama baada ya kuitoa. Kwa hiyo mtu anayetaka mali zigawanywe chini ya kifungu hicho huku ndoa yake ingali hai, na hajaomba talaka wala kutengana, anaambiwa asubiri. Katika kugawa, mahakama hutazama mila za jamii ya wanandoa, kiwango cha mchango wa kila mmoja katika fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa manufaa ya wote wawili, na mahitaji ya watoto wadogo kama wapo. Baada ya kuyapima hayo, sheria inaitaka mahakama ielekee kwenye usawa. Msomaji aliangalie neno hilo kwa makini: kuelekea kwenye usawa si sawa na kugawa nusu kwa nusu, na ndiyo maana jibu la swali letu la mwanzo huwa ni "inategemea umethibitisha nini."

Kwa miaka mingi palikuwa na mabishano iwapo mke aliyekaa nyumbani, akapika, akalea watoto na kuuguza wagonjwa wa familia, anahesabika kuwa amechangia nyumba iliyojengwa kwa mshahara wa mumewe. Majaji wa Mahakama Kuu walitofautiana. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilimaliza ubishi huo katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ikaamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango unaostahili kuhesabiwa. Uamuzi huo hutajwa kila mahali, lakini sehemu yake ya pili husahaulika: Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu, kwa kuwa ilionekana kwamba alipewa fedha na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia, naye akazitapanya. Hapo pana mafunzo mawili. Kazi ya nyumbani ina thamani mbele ya sheria. Na mwenendo wa mwanandoa huingia kwenye mizani pale unapokuwa umepunguza mchango wake kwa ustawi wa familia, si kwa sababu tu mwenzake amechukizwa nao. Mume anayesema "alinisaliti, asipate hata kijiko" anachanganya sababu ya kuvunja ndoa na kipimo cha kugawa mali.

Kiwango cha mchango ni suala la ushahidi, na Mahakama ya Rufani ilisisitiza hivyo katika rufaa ya Gabriel Nimrod Kurwijila dhidi ya Theresia Hassani Malongo, Na. 102 ya mwaka 2018. Tuchukue mfano. Mume alinunua kiwanja Chanika kabla ya kuoa, na hati ina jina lake peke yake. Baada ya ndoa, mke anayeuza vitenge akatoa fedha za kikoba kununua tofali, akamlipa fundi wa kupaua, na kila asubuhi akawa anapita kwenye ujenzi kuhesabu mifuko ya saruji. Mume atasema: kiwanja ni changu, nilikuja nacho. Sheria, katika kifungu cha 114(3), inajibu kwamba mali aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa huingia katika mgawanyo ikiwa imeendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake, au kwa jitihada zao wote wawili. Jina moja kwenye hati huleta dhana tu kwamba mali ni ya huyo aliyeandikwa, na dhana hiyo huvunjwa kwa ushahidi. Lakini huyo mama akisimama kizimbani akasema "nilisaidia sana kujenga" kisha akanyamaza, atakuwa amemwacha hakimu akikisia. Aje na daftari la kikoba lenye tarehe aliyotoa fedha, miamala ya simu kwenda kwa fundi, risiti za duka la vifaa hata kama zimefifia, na amwite fundi mwenyewe aeleze nani alikuwa akimlipa. Kwa uzoefu wangu, fundi mmoja anayekumbuka vizuri huwa na uzito kuliko ndugu watano waliokuja kusema kwamba dada yao ni mchapakazi.

Mali ya urithi, au zawadi aliyopewa mmoja wao, hubaki yake, isipokuwa imeendelezwa kwa namna hiyo. Mikopo nayo isisahaulike: deni la SACCOS lililojenga nyumba ni la wote, ilhali lililoishia kwenye starehe za mmoja ni mzigo wake mwenyewe.

Walioishi pamoja bila kufunga ndoa hawajaachwa nje. Kifungu cha 160 kinasema kwamba mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi, na jamii ikawachukulia kuwa mke na mume, kuna dhana kwamba wameoana. Anayepinga anaweza kuivunja dhana hiyo kwa ushahidi, kwa mfano kwamba mmoja wao alikuwa na ndoa nyingine ya mke mmoja. Hata ikivunjwa, mahakama bado inaweza kumpa mwanamke matunzo na nafuu nyinginezo kwa ajili yake na watoto.

Wakati shauri likiendelea, wasiwasi mkubwa huwa ni nyumba kuuzwa kimyakimya. Kifungu cha 59 kinamkataza mwanandoa kuuza, kutoa zawadi, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na kinampa mwenzake haki ya kuweka zuio kwa msajili wa hati. Anayenusa hatari asingoje tarehe ya hukumu.

Mahakama ikishatoa amri, nyumba haikatwi kwa msumeno. Hufanyiwa tathmini, kisha mmoja humlipa mwenzake thamani ya fungu lake, au nyumba huuzwa na fedha kugawanywa. Upande mmoja ukikaidi, mwingine hurudi mahakamani kuomba kukazia hukumu, yaani itekelezwe kwa nguvu ya mahakama. Kila mmoja achukue nakala ya hukumu na ya amri ya talaka iliyogongwa muhuri, kisha talaka isajiliwe RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), kwa sababu siku atakapotaka kufunga ndoa nyingine, msajili atamuuliza ile ya kwanza ilikwisha lini, na atataka kuona karatasi.