Kukabidhi kifaa tiba kwa kampuni: tengeneza jalada mapema

Mtafiti anayetaka kampuni ichukue kifaa chake huulizia hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) kwanza. Mhandisi wa kampuni huulizia jalada la usanifu (michoro, sifa na vipimo vya kifaa), na mazungumzo mengi hukwamia hapo. Hataza basi nitaipitia upesi.

Ombi la kwanza, liwe la BRELA (Tanzania), KIPI (Kenya) au ARIPO (shirika la kikanda la Afrika la miliki bunifu), ndilo linaloanza kuhesabiwa muda. Una miezi 12 ya kuombea ulinzi nchi nyingine, kwa kawaida kupitia PCT, mkataba wa kimataifa wa ushirikiano wa hataza. Mwezi wa 18 ombi huchapishwa. Ukifika mwezi wa 30 (31 kwa ARIPO na Ulaya) sharti uwe umeliingiza ombi katika nchi unazozitaka, na gharama nzito huanzia hapo, kwa hiyo mshirika wa kulipa awe ameshapatikana. Tasnifu ikiwekwa mtandaoni kabla ya ombi, Ulaya umeshaikosa. Marekani hukuachia mwaka mmoja. Mwanafunzi aliyechora, daktari aliyependekeza na taasisi zao wote wasaini umiliki mapema. Mwanafunzi akishahitimu na kuhama nchi, sahihi yake huwa ghali.

Sasa jalada. Chukua Pumani, mashine ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, na kujaribiwa Hospitali ya Queen Elizabeth, Blantyre, Malawi. Kanuni yake ni rahisi: mrija wa kutolea hewa huzamishwa majini, na kina chake ndicho huamua shinikizo, sentimita 6 za kina, shinikizo la sentimita 6 za maji. Toleo la mwanzo lilitumia pampu za tangi la samaki ndani ya boksi la plastiki. Matokeo yaliyochapishwa 2014 yalionyesha kuwa 71% ya watoto waliotumia njia hii walinusurika, dhidi ya 44% waliopewa oksijeni peke yake. Takwimu kama hizo humfungulia mtu mlango. Hata hivyo, ilibidi kampuni ya usanifu, 3rd Stone Design ya California, ikibadilishe kifaa kiwe kitu cha kuzalishwa kiwandani.

Pampu ya dukani inatosha kuthibitisha wazo, lakini mwenye kiwanda anaweza kubadili mota yake bila kumwambia mtu. Kwa hiyo usiandike jina la duka. Andika sifa: lita ngapi kwa dakika, kwa shinikizo gani, kwa saa ngapi mfululizo, joto lisizidi kiasi gani. Kila kipimo kwenye mchoro kiwe na kiasi cha kukosea kinachoruhusiwa, mfano plasi au minasi milimita 0.1, la sivyo fundi wa kalibu (umbo la chuma la kumiminia plastiki) atakisia.

Umbo lililochapwa kwa printa ya 3D nalo lina mtego wake. Plastiki ya kalibu hutaka kuta zenye unene ulio sawa kote, pamoja na mteremko wa nyuzi 1 hadi 2, ili kipande kitoke bila kukwaruzika. Ukibadili plastiki inayogusa mwili, vipimo vya ISO 10993 (usalama wa vitu vinavyogusa mwili) vinaweza kurudiwa. Ukibadili njia ya kuua vijidudu, uthibitisho wake huanza upya. Ongeza jedwali la hatari kwa mujibu wa ISO 14971 (kiwango cha kudhibiti hatari za vifaa tiba) na, kama kuna umeme, matokeo ya IEC 60601-1 (usalama wa vifaa tiba vya umeme). Jedwali la hatari lianze siku ya mchoro wa kwanza. Likiandikwa mwishoni huonekana wazi kuwa limetungwa, na mkaguzi hulijua.

Kwenye leseni, watu hugombania asilimia ya mrabaha (malipo ya chuo kutokana na mauzo). Mimi ningegombania tarehe. Leseni ya pekee (inayompa haki mshirika mmoja tu) isiyo na hatua za lazima (kalibu tayari lini, maombi kwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania, lini, mauzo ya kwanza lini) huipa kampuni haki ya kukalia teknolojia. Weka pia mipaka ya nchi na matumizi, tafsiri ya “mauzo halisi” (kiasi kinachotumika kukokotoa mrabaha), na haki ya chuo kuendelea kufundisha na kutafiti.

Kifungu kinachosahaulika zaidi ni cha kurejesha haki na data kwa chuo. Usajili wa kifaa huwa kwa jina la kampuni, na faili la vipimo ni lake. Leseni ikivunjika, chuo hurudishiwa hataza tupu, na kampuni inayofuata hulazimika kupima upya kila kitu. Andikeni kwamba data zote za usajili hukabidhiwa ndani ya siku 60, na nani atalipia gharama ya kuzihamisha.