Kitabu cha Rafiki na Pongezi Zinazokifaa

Mwaka huu waandishi wenzangu wamenipa kazi tamu: kusoma. Imetoka riwaya iliyolala kwenye kompyuta ya mwenyewe hadi tukaacha kumuuliza habari zake. Imetoka diwani nyembamba ya mashairi huru, ambayo wapenzi wa vina na mizani wataisusia kabla ya kuifungua. Kimetoka kitabu cha watoto, na kimetoka kitabu kimoja cha tafsiri ambacho nitakirudia baadaye. Sitataja majina. Orodha za pongezi zina hatari yake: aliyesahauliwa huiona kabla ya aliyetajwa. Kwa kuwa kazi yangu ni uhariri, naona afadhali nieleze namna ya kukisherehekea kitabu cha mwenzako hadi chenyewe kifaidike. Sherehe nyingi tunazofanya humfurahisha rafiki na kukiacha kitabu pale pale kilipokuwa.

Tazama pongezi zenyewe. “Hongera sana, umetuheshimisha!” Mwandishi atafurahi, na ana haki ya kufurahi. Ila mtu asiyemjua akisoma maneno hayo hajui kama kitabu ni cha mapishi au cha mizimu. Msomaji mgeni anahitaji jambo moja mahususi la kumvuta. Kuhusu ile riwaya, mimi huwaambia watu kwamba msimulizi ni jirani anayeona kila kitu na kuelewa nusu yake tu, na kwamba sura ya msiba imeandikwa kwa kueleza nani alikaa wapi na karibu na nani, basi. Ugomvi wote wa ukoo unaonekana humo bila mtu kupaza sauti. Kuhusu diwani, nasema kwamba mshairi huukata mstari pale unapodhani maana imekamilika, kisha mstari unaofuata unaigeuza. Maelezo kama hayo hayahitaji elimu ya uhakiki. Yanahitaji uwe umekisoma kitabu. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete, lakini lazima mtu akitazame chanda kwanza.

Halafu sema kwamba mwandishi ni rafiki yako. Wengi hulificha hilo wakidhani litapunguza uzito wa sifa zao, kumbe linaloharibu ni kugundulika baadaye. Duka la mtandaoni la Amazon, kwa mfano, haliruhusu maoni ya ndugu na marafiki wa karibu wa mwandishi kwenye ukurasa wa kitabu, na huyaondoa likiyabaini. Kwa hiyo usimwombe binamu yako akapachike nyota tano huko. Andika kwenye ukurasa wako mwenyewe, utaje uhusiano wenu, kisha useme unachokipenda na hata kile ambacho hakikukuingia. Sifa yenye kasoro moja ndani yake huaminika zaidi.

Ukiandikiwa sifa faraghani, omba ruhusa kabla ya kuzitangaza. Mwaka 1855 Ralph Waldo Emerson, mwandishi mashuhuri wa Marekani, alimwandikia mshairi Walt Whitman barua ya kuisifu diwani yake mpya. Whitman aliitoa barua hiyo gazetini bila kumwuliza, na toleo la mwaka 1856 likabeba sentensi ya Emerson kwa herufi za dhahabu kwenye mgongo wa kitabu. Tena Whitman huyo huyo alikuwa ameshaandika tahakiki za kuisifu kazi yake mwenyewe bila kuweka jina. Diwani imedumu, lakini mimi nisingependa rafiki yangu anifanyie hivyo.

Sasa tuje kwenye jambo linaloniudhi. Kitabu hakijakauka wino, na rafiki ameshaandika: “Yangu iko wapi?” Mikataba mingi humpa mwandishi nakala chache za bure, na zikiisha ananunua kwa mchapishaji kama mteja mwingine, hata kama amepewa punguzo. Mrabaha wake kwa kila nakala inayouzwa ni sehemu ndogo tu ya bei. Iliyobaki inagawanywa kati ya mchapishaji, mchapaji, msambazaji na duka. Ukipewa nakala ya bure na mtu wa namna hiyo, jua amekununulia. Na anayekisambaza kitabu kizima kwenye kundi la WhatsApp, huku ameandika “tumuunge mkono ndugu yetu”, sijui anauunga mkono upi.

Kama huna uwezo wa kununua, maktaba ipo. Waombe wakiagize, maktaba nyingi hupokea maombi ya wasomaji. Nakala moja huko itapita mikononi mwa watu ambao mwandishi hatawafikia kamwe, na katika baadhi ya nchi mwandishi hulipwa kitabu chake kinapoazimwa. Denmark ndiyo iliyoanza utaratibu huo, mwaka 1946. Na kama unanunua, agiza mapema, kabla ya siku ya kutoka. Maagizo ya mapema humsaidia mchapishaji kukadiria nakala za kuchapa na huyapa maduka sababu ya kukiweka mbele.

Tunaposema “kitabu cha mwaka huu” tunahesabu nini? Fungua ukurasa wa hakimiliki. Kuchapwa upya hakukifanyi kitabu kiwe kipya, na kwa kawaida ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, hubaki ile ile. Toleo lililobadilishwa sana hupata ISBN nyingine, na vivyo hivyo jalada gumu, jalada laini na kitabu pepe huwa na namba tofauti. Namba hizo zina tarakimu 13 tangu mwaka 2007. Zamani zilikuwa 10. Wanaoonewa zaidi ni wanaotoa vitabu mwishoni mwa mwaka. Orodha za vitabu bora huwa zimeshafungwa, na wakati mwingine mchapishaji ameshapiga mwaka unaofuata kwenye ukurasa ule wa hakimiliki, kisha mwaka huo ukifika watu wanakiona kitabu kimezeeka. Mimi nahesabu kuanzia Desemba hadi Novemba, na sijapata malalamiko.

Kile kitabu cha tafsiri kina mazungumzo ya wazee wawili yanayosikika kana kwamba yalizaliwa katika lugha tunayoyasomea. Hiyo ni kazi ya mfasiri: yeye ndiye aliyechagua kila neno tulilolipenda. Jina lake halipo kwenye jalada; liko ndani, kwa herufi ndogo, chini ya anwani ya mchapishaji. Basi mkikitaja kitabu hicho, mtajeni na yeye, na mkimwandikia mchapishaji mwulizeni kama toleo lijalo litampandisha juu. Mimi nimeshamwandikia.